Milioni Moja na Moja

Sebuleni kwa Mwalimu ubao ulikuwa mkubwa kuliko kabati la vyombo, na kila jioni watoto wa mtaa walijazana pale kufundishwa hesabu. Sasa magoti yalikuwa yamemgomea mzee, akataka kumkabidhi darasa mmoja wa wanawe. Mtaa mzima ulishaamua ni Umeme, kaka mkubwa, aliyepewa jina hilo kwa wepesi wa kukokotoa. Kitinda, mzaliwa wa mwisho, kazi yake ilikuwa kufuta ubao na kuwaelewesha waliobaki nyuma. Alilitaka darasa lile kwa roho yake yote, ila nani alimuuliza?

"Hii ndiyo itakayoamua," Mwalimu aliwaambia wote wawili, akaandika 1,000,001. "Ni namba tasa, au kuna nyingine inayoigawa bila baki? Simu wekeni mezani."

Umeme akaivaa. Tatu, ikabaki. Saba, ikabaki. Kumi na moja, ikabaki. Alizipitia namba tasa moja baada ya nyingine, chaki imemjaa mpaka kwenye nyusi, na alipomaliza tisini na saba akapiga mstari kwa madaha.

"Tasa, baba! Zote za chini ya mia zimeshindwa. Inatosha."

Wapi! Kwa namba ya ukubwa ule ilibidi afike karibu na elfu, maana elfu mara elfu ndiyo milioni. Mwalimu alijua, akamgeukia mdogo wake. "Na wewe, Kitinda?"

Kitinda alichukua chaki, lakini hakugawa kitu. Aliikata namba kutoka kulia, tarakimu mbili mbili: 01, 00, 00, 1.

"Baba, si tunapima kumi na moja kwa kutoa na kujumlisha tarakimu moja moja? Nikichukua mbili mbili, napima mia na moja. Moja, toa sifuri, jumlisha sifuri, toa moja."

"Sifuri," mzee alisema polepole.

"Basi inagawanyika! Ni 101 mara 9,901." Akaandika: 9,901 mara mia ni 990,100. Akaongeza 9,901 moja, na milioni moja na moja ikatokea nzima nzima.

Umeme alipigwa na butwaa. Tasa inayofuata tu baada ya tisini na saba, na ndiyo aliyoiacha! "Bahati hiyo," alinung'unika. "Na 9,901 je? Labda nayo inagawanyika. Kazi yako haijaisha."

Kitinda akacheka. "Umenimalizia wewe, kaka. Chochote kinachoigawa 9,901 kingeigawa na namba ya baba. Umeshajaribu tasa zote za chini ya mia, zimegoma. Na hapa huna haja ya kuvuka mia: ingegawanyika, kigawo kimoja kingekuwa chini ya mia, maana mia mara mia tayari inaipita 9,901. Ni tasa, na umeithibitisha wewe kwa jasho lako."

Umeme aliutazama ubao, akatazama mistari yake mwenyewe, kisha akaangua kicheko. "Ananifundisha mpaka nilichokifanya mimi! Baba, mpe."

Kitinda alikuwa analia, wala hakujificha. Mwalimu aliondoka mbele ya ubao akijikongoja, akaenda kukaa kwenye benchi la wanafunzi, akakunja mikono.

"Haya, Mwalimu," alimwambia binti yake, "tunaanza na nini?"