Kwaya Moja Ikawa Nne

Ijumaa moja mwaka 2013, tukingoja ibada pale Mesaimeer, penye makanisa ya sisi wageni huku Uarabuni, Kendi, dada tuliyeimba naye kwaya, alinipa daftari lake la historia nimuulize maswali, maana alikuwa na mtihani Jumapili.

"Haya profesa," nikamtania, "mwambie mlinzi wa geti kama mimi: milki ya Austria na Hungaria ilivunjikaje?"

"Ilikuwa na mataifa mengi, kaka Mutai. Wacheki wakaanzisha vyama vya kuimba kwa lugha yao. Wengine nao wakaunda vyao. Mwishowe kila taifa likataka nchi yake."

"Kumbe walikuwa wanakwaya kama sisi!" nikacheka. Yeye hakucheka.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, mimi ndiye niliyesimama kanisani nikasema kila kabila la Wakenya liwe na kwaya yake, tumwimbie Mungu kwa lugha ya mama. Niliwachekesha watu mpaka wakakubali. Kwaya moja ikawa nne. Kendi, Mmeru pekee, akakosa pa kuimba.

"Wacheki walikuwa na sababu," akasema taratibu. "Lugha yao ilidharauliwa maofisini. Wewe kaka, nani alikudharau?"

Ukweli ni kwamba Reuben, mwalimu wa kwaya ile ya pamoja, alikuwa amempa mtu mwingine ubeti niliozoea kuimba peke yangu.

"Hakuna," nikajibu.

Akachukua daftari lake, akaenda kuketi nyuma na waumini. Wenzangu kumi na mmoja wa kwaya ya kabila langu wakaniita mbele nianzishe wimbo. Nikauanzisha nikiangalia sakafu, kwa sauti ndogo mpaka wakaniuliza kama naumwa.