Zamu ya Taa

Jioni ile, mwanga wa jua ulipokuwa ukijikunja taratibu kama shuka lililotoka kupigwa pasi, Mama Mapazia alitoka jikoni na kikombe cha chai ya rangi, akaizunguka meza. Alipinda kiuno kidogo ili asijigonge kwenye kona, akapita nyuma ya kochi, akanyanyua mguu pale ambapo zulia lilikuwa na tabia ya kujikunja, kisha akafika dirishani salama bila kumwaga hata tone. Alipita hivyo kila siku, kwa utulivu wa mtu aliyeizoea nyumba yake.

Ila meza haikuwepo. Kochi nalo halikuwepo, wala zulia, wala kabati lililokuwa na vioo.

Vyote viliondoka kimoja baada ya kingine, saa za mchana, kwa ngazi za nyuma, mabegani mwa mnunuzi wa fanicha kuukuu. Huyo alikuwa bwana mpole mwenye kofia ya sufi, ambaye alijua kunyanyua kabati zima bila kelele, kama mtu anayemhamisha mtoto aliyesinzia. Kabati liliondoka mafuta ya kupikia yalipopanda bei. Kochi lilifuata kodi ya nyumba ilipoongezwa. Meza ilikaa mpaka mwisho, maana meza ile ilikuwa na mwenyewe: marehemu mumewe aliitengeneza kwa mikono yake, akaipiga randa mpaka ikang'aa kama maji yaliyotulia. Siku ilipobebwa, Mama Mapazia aliingia chooni akafungulia bomba, ili asisikie miguu ya meza ikigusa ngazi.

Yaliyobaki ni mapazia, yale yale yaliyompa jina. Yalikuwa mazito, rangi ya zambarau iliyoiva, marefu kutoka juu hadi sakafuni. Mtu aliyesimama barabarani na kutazama ghorofa ya tatu aliyaona yananing'inia kwa heshima zote, akaamini kwamba nyuma yake kuna maisha yaliyopangwa vizuri.

Alikuwa mpiga pasi katika duka la kufulia nguo. Umeme ulipopanda bei, mwenye duka alipunguza siku za kazi. Ulipopanda tena, akapunguza saa katika siku zilizobaki. Hapo ndipo watu wa jengo lao walipobuni zamu ya taa.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Kila jioni nyumba moja huwasha taa, nyingine hubaki gizani, na wenye nyumba hizo huja na shughuli zao kwenye ule mwanga mmoja: mwenye kushona ashone, mwenye kuchambua maharage achambue, watoto wasome. Kwa kuwa hapakuwa na sebule ya kutosha watu wote katikati ya makochi na makabati, ghorofa za juu zilikuwa na taa yao, na za chini zikawa na yao. Sharti lilikuwa moja, nalo halikuvunjwa: taa haiwashwi mpaka wote wawe wameingia na mlango umefungwa. Aliyeliweka sharti hilo ni wifi yake, dada wa marehemu, aliyekaa ghorofa ya kwanza na kusimamia zamu zote kwa ukali wa mwalimu wa zamu.

"Simlipii umeme mtu ambaye bado anatafuta viatu vyake," alisema, na hapakuwa na wa kumpinga.

Mama Mapazia alikuwa ameikwepa zamu yake kwa kila njia. Mara aliumwa kichwa. Mara balbu iliungua. Mara alibadilishana na Kinyozi, jirani wa mlango wa pili. Hakuogopa sana majirani kuuona ukuta mtupu. Aliogopa macho ya wifi yake yakitafuta meza ya kaka yake na kutoiona.

Alikuwa bado ameshika kikombe mlango ulipogongwa. Alifungua upenyo wa kutosha pua tu.

"Wifi, mbona unanichungulia kama vile mimi ni mdai wako?" wifi yake aliuliza. "Kesho ni zamu yako."

"Kesho? Wifi yangu, hiki kichwa…"

"Kichwa utakuja nacho hicho hicho. Na ujue kuna jambo. Wa ghorofa za chini waliokuwa na zamu kesho wamekatiwa umeme leo asubuhi. Kwa hiyo tunakuja wote, wa juu na wa chini."

"Wote? Wifi, wataenea wapi?"

"Tutabanana. Wengine watakaa juu ya meza ya kaka. Meza ile ingeweza kubeba jengo hili, sembuse watu wake." Akacheka, akaanza kushuka ngazi, na kicheko chake kikabaki kikielea mlangoni muda mrefu baada ya nyayo zake kunyamaza.

Siku iliyofuata, Mama Mapazia alipiga pasi kama mtu aliye usingizini. Mvuke ulipanda mbele ya uso wake, na ndani ya mvuke aliiona meza ikirudi. Ilipanda ngazi yenyewe, mguu baada ya mguu, polepole, ikipumzika kwenye kila kibaraza kama bibi kizee atokaye sokoni. Ilisimama mlangoni na kusubiri kufunguliwa. Aliposhtuka, harufu ya kola iliyoanza kuungua ilikuwa imeshafika puani.

Jioni, kabla ya kurudi nyumbani, alipitia kwa yule mnunuzi. Duka lake lilikuwa refu na lenye kiza, na vitu vilisimama humo kwa mistari kama watu wanaosubiri kuitwa majina: viti, masanduku, vioo vilivyotazamana. Kitanda chenye ubao wa kichwani uliochongwa majani kilikuwa kimeegemezwa ukutani. Alihisi kama amewahi kukiona mahali, lakini akili yake ilikuwa kwenye meza.

"Nataka kuiazima," alisema. "Jioni moja tu. Kesho alfajiri naileta."

Bwana mwenye kofia ya sufi alimtazama kwa huruma. "Mama yangu, meza yako ilikaa hapa siku moja tu. Kitu kizuri hakikai. Siku hizi wauzaji ni wengi, lakini wanunuzi nao hawakosi. Sijui pesa wanazitoa wapi wenzetu."

"Aliinunua nani?"

"Lilikuja gari la ofisi ya serikali. Sasa hivi nadhani kuna bwana mkubwa anapigia mihuri juu yake."

Alirudi nyumbani taratibu. Alijaribu kuichukia ile ofisi asiyoijua, lakini alichoweza kukiona ni mikono ya mumewe tu, vumbi la mbao likiwa limeng'ang'ania kwenye vinyweleo, ikiupapasa ubao bapa ambao sasa kuna mtu aliyeweka viwiko vyake juu yake na kumwambia mwenzake asubiri.

Giza lilipoingia, walianza kufika. Alisimama kando ya mlango, mkono ukiwa kwenye swichi, akawapokea kwa sauti bila kuwaona.

"Karibuni. Piteni ndani. Karibuni."

Walipita mbele yake wakiwa vivuli, na kila kivuli alikijua kwa sauti yake. Aliyetangulia alikuwa Karani Mstaafu, aliyeitumikia serikali ujana wake wote na sasa alikuwa akiisubiri serikali hiyo hiyo imlipe mafao yake. Alipita kwa hatua za adabu. Nyuma yake alifuata mama mwenye pacha, akiwanong'oneza wanawe, "Angalieni kona, msijigonge." Halafu Kinyozi na mdomo wake.

"Redioni leo waziri ametuomba tufunge mikanda," alisema gizani. "Mkanda wangu nimeshauuza. Sasa suruali naishikilia kwa mkono, ndiyo maana hamnioni nikiwapigia makofi."

Vicheko vilizagaa, vikarudi kutoka ukutani vikiwa vikubwa kuliko vilivyokwenda.

"Serikali inalifahamu tatizo hili," Karani Mstaafu alisema kwa upole.

"Inalifahamu," sauti ya wifi ilijibu kutoka ngazini, "kama ninavyofahamiana na yule mkubwa anayenipungia mkono akiwa ndani ya gari. Haya, jamani, nani bado? Hakuna? Funga mlango."

Mlango ulifungwa. Palikuwa na pumzi nyingi gizani, na mchakacho wa nguo, na watoto wakinyamazishwa.

"Wifi, washa basi."

Vidole vya Mama Mapazia havikutii. Alitamani giza lile lidumu. Ndani yake nyumba ilikuwa kamili bado. Watu walikuwa wageni wake, na kila kitu kilikuwa mahali pake. Alihesabu kuwa akiwasha, mumewe atakufa mara ya pili.

"Wifi?"

Aliwasha.

Mwanzoni hakuna aliyeelewa alichokiona. Watu wa jengo zima walikuwa wamesimama wakibanana kando ya kuta, na katikati yao palikuwa na uwazi mpana, wenye umbo la meza na kochi. Katika giza, kila mmoja alikuwa ameipita sebule ile kama alivyoikumbuka. Karani Mstaafu alikuwa amepinda mgongo kwa tahadhari, asiguse vioo vya kabati ambalo halikuwepo. Mama mwenye pacha alikuwa amewavuta wanawe mbali na kona ya hewa. Kinyozi alikuwa amechutama nusu, makalio yakielekea kwenye kochi. Na mbele yao wote, wifi alikuwa amenyoosha mkono, kiganja kikitazama chini, kimo kile kile cha meza, kama mtu anayetaka kumgusa kaka yake begani.

Mkono ulishuka polepole. Haukukuta kitu.

Kinyozi ndiye aliyejiinua kwanza. "Mungu mkubwa," alisema. "Nusu nikae."

Hakuna aliyecheka. Wifi alikuwa akimtazama Mama Mapazia.

"Meza ya kaka iko wapi?"

"Nimeiuza, wifi."

"Umeiuza."

"Nimeila, wifi yangu. Nilianza na kabati, nikala kochi, nikala zulia. Meza niliiacha mpaka nikashindwa. Nisamehe."

Taa ilivuma kidogo juu yao. Wifi aliutazama uwazi ule, akazungusha macho kuanzia kona mpaka kona, kama aliyekuwa akiipima meza kwa mara ya mwisho.

"Ulimuuzia nani?"

"Bwana mmoja mwenye kofia ya sufi."

"Anayepandia ngazi za nyuma?"

"Huyo huyo."

"Anayebeba bila kelele?"

Mama Mapazia alimtazama. Wifi alijifuta uso kwa upande wa khanga. "Shetani yule," alisema. "Kitanda changu alikibeba nikiwa jikoni, sikusikia hata mlango. Kitanda cha harusi yangu, kile ambacho kaka alikichonga majani kichwani. Mwezi wa ngapi huu nalala chini, na bado nikiamka nashusha miguu kama mtu aliye juu."

"Wifi! Nimekiona. Jana… leo, dukani. Nimekiona kwa macho yangu."

"Bado kipo?"

"Kipo. Kimeegemea ukuta. Meza ndiyo imeshanunuliwa, ilichukuliwa na gari la ofisi ya serikali."

"Ahaa. Basi meza ilikuwa na bahati zaidi," wifi alisema, na hapo wakashikana, wakicheka na kulia kwa pamoja, hata haikujulikana kipi ni cha nani.

Ukuta mmoja ukisha kuanguka, mingine haikawii. Mama mwenye pacha akasema jokofu lake lilishuka kwa ngazi zile zile. Kinyozi akakiri kwamba viti walivyokalia kwake juzi vilikuwa vya shemeji yake, na kwamba alivirudisha alfajiri kabla shemeji hajaanza kuvitafuta. Wa mwisho, Karani Mstaafu akavua miwani.

"Mimi nimeuza saa ya ukutani," alisema. "Ile niliyopewa na ofisi siku ya kuniaga."

"Ndiyo maana siku hizi unaniuliza mimi saa ngapi, mzee wangu," Kinyozi alisema kwa sauti ya chini, na safari hii hakuwa akitania.

Watoto walikuwa wameshaugundua uwazi. Walianza kuuingia, kwanza kwa woga, halafu kwa kukimbia, na wakubwa wakawafuata, wakijitandaza katikati ya sakafu. Ndipo ilipoonekana kwamba wote wameenea. Tangu jengo lile lijengwe, wakazi wake hawakuwa wamewahi kukaa wote chini ya dari moja.

"Angalieni," Karani Mstaafu alisema, akiwatazama kama mtu anayesoma. "Kila mmoja wetu amekwenda kwenye ile ofisi ya serikali kuuliza habari za umeme. Mimi nimekwenda. Wewe umekwenda. Kila mmoja peke yake ameambiwa aje kesho. Nimefanya kazi kule. Neno hilo nimelisema mwenyewe, nikiwa nimekaa. Ni rahisi sana kumwambia mtu mmoja. Kuwaambia watu wote hawa wakiwa wamesimama mbele yangu, sikuwahi kujaribu, na sidhani kama ningeweza."

"Basi kesho yao ndiyo kesho yetu," wifi alisema. "Asubuhi, tukiwa wote. Na mtu asiniambie anatafuta viatu."

"Na nikiiona meza yangu kule," Mama Mapazia alisema taratibu, akijishangaa, "nitaiwekea mikono juu, nisubiri nijibiwe."

Sakafu ilikuwa baridi, na pacha walianza kulalamika. Mama Mapazia alitafuta kitu cha kuwatandikia. Hakukuwa na kitu, isipokuwa kimoja. Alimwomba Kinyozi, aliyekuwa mrefu, amsaidie kufungua vishikizo, na mapazia yakaporomoka kwa uzito wa miaka, yakatoa vumbi lililong'aa chini ya taa. Waliyatandaza pale ilipokuwa meza, na watoto wakalala juu ya rangi ya zambarau kama waliolala juu ya wingu la jioni.

Mwanga ukamwagika nje. Ulivuka barabara, ukapanda ukuta wa jengo la upande wa pili, ambalo lote lilikuwa giza, na madirisha ya huko yakaanza kufunguliwa moja moja. Watu wenye sura za usingizi wakachungulia, wakaona nyumba tupu iliyojaa watu.

"Huko kwenu kuna nini?" sauti moja iliita.

Kila mtu alimgeukia mwenye nyumba. Mama Mapazia alisimama karibu na mlango wa jikoni. Alianza kwenda dirishani, na kwa mazoea kiuno kilianza kupinda kukwepa kona. Akasita. Kisha akanyooka, akapita katikati kabisa, akiwaruka watoto waliolala, moja kwa moja mpaka dirishani.

"Njooni!" aliita. "Na mje na viti, kama bado mnavyo!"