Mlango wa Ngatinah

Maji yalidondoka kutoka kwenye bati, Ngatinah akakinga ndoo. Bomba la uchochoro lilikuwa limekatwa, na Bibi Wagirah alikuwa amelala mkekani, kidevu kimefungwa kwa kitambaa, akingoja kuoshwa.

Katika mtaa ule wa ukingoni mwa mto, pale Semarang, mwanamke akifa wanawake wenzake humjia kwa wingi, huyu na maji, huyu na sabuni. Leo Ngatinah alikuwa peke yake. Wengine walikuwa ndani, mapazia yameshushwa. Sudarmo, mwenyekiti wa mtaa, alikuwa amepita asubuhi akisema kwamba marehemu alikataa kutia sahihi ya kuhama ili mtaa ubomolewe, kwa hiyo si mtu wa mtaa tena, na atakayemgusa asitarajie chumba kwenye maghorofa mapya.

Ngatinah alimsikia vizuri. Akaendelea kuchambua maua ya yasmini ya kutia kwenye maji.

Zamani hakuwa mtu wa kazi hii. Kiwanda cha batiki kilipompunguza, mwaka uleule aliomzika mumewe, alikaa barazani kutwa akifukuza mbu, akila kwa kuwa watu hula. Kisha jirani mmoja akafa kwa kifua kikuu, na kila mtu akaogopa kumgusa. Ngatinah akamwosha. Siku ile alirudi nyumbani akala wali na tempe ya soya mpaka akakwangua sufuria, akalala fofofo. Hajaacha tangu hapo. Akipita, wanawake humtania: "Usinitazame hivyo, Mama, mimi bado." Naye huwajibu, "Basi endelea kuoga mwenyewe."

Alipomaliza kumvika Wagirah sanda, akaenda msikitini kuchukua jeneza. Sudarmo alikuwa ameketi mbele ya chumba linamowekwa, ufunguo kidoleni.

"Mama, jeneza ni la wanamtaa."

"Wagirah kakaa hapa kabla hujazaliwa. Na mama yako nani alimwosha?"

"Wewe, na nakushukuru. Lakini amri si yangu. Imetoka juu."

"Huko juu hawafi?"

Sudarmo akatabasamu, kama anayemwonea mtu huruma. Akamkumbusha kwa upole kwamba na yeye hajatia sahihi bado. Afikirie uzee wake.

Ngatinah akarudi kwake. Mlango wake ulikuwa umepigwa X nyekundu, kama milango yote ya waliokataa. Akachukua nyundo, akagonga pini za bawaba mpaka zikatoka.

Waliokuja kumsaidia walikuwa waendesha baiskeli za abiria wa pale kona, ambao Wagirah alizoea kuwapa kahawa. Mmoja wao, Paijo, akasita.

"Mama, unajua sheria yao? Nyumba isiyo na mlango wanasema imehamwa."

"Najua. Shika huko."

Wakamlaza Wagirah juu ya mlango, upande usio na rangi. Ilibaki jambo moja. Kabla maiti haijaondoka, hubebwa juu, na watoto na wajukuu hupita chini yake mara tatu. Wagirah hakuacha mtoto. Wanaume wakainua mlango mabegani, wakasimama, wakangoja.

Ngatinah akainama, akapita chini ya ile X. Akazunguka, akapita tena. Mara ya tatu pazia la ng'ambo likatikisika, akatoka Lasmi, mke wa fundi cherehani. Akapita nyuma yake kichwa chini, asimwangalie mtu, akarudi ndani akajifungia.

Waliporudi kutoka makaburini, sufuria za Ngatinah zilikuwa matopeni. Tingatinga lilikuwa linanguruma nyuma ya nyumba. Sudarmo alikuwa amesimama palipokuwa na mlango.

"Haikuwa na mlango," akasema, akitazama viatu vyake.

Paijo akauliza huu mlango sasa wauweke wapi. Ngatinah akaufuta tope kwa ncha ya kanga yake, taratibu, kama anavyofuta uso wa mtu.

"Mpelekeeni mzee Kasiran, kule mwisho. Kifua kimembana tangu juzi, na yeye hajatia sahihi."

Wakaubeba, X ikiwa juu safari hii, wakapita nayo mbele ya mapazia yote ya uchochoro. Nyuma yao ukuta wa kwanza ukaanguka. Ngatinah akaokota ndoo yake topeni, akawafuata.