Sauti ya Generoza

Ndaki hakuwa mtu wa kuomba msaada, na hilo ndilo lililomponza. Msimu ule wanunuzi binafsi waligombania pamba yake, naye akaingia mjini Bariadi akanunua sabufa kubwa na spika zake tano. Fundi wa dukani alijitolea kuja kumfungia. Ndaki akacheka.

"Nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe. Hilo nalo la kusomea?"

Majirani walisema anajionyesha. Walimwonea. Mke wake, Generoza, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na sauti yake ilibaki kwenye kanda moja tu ya video: kwaya ya parokia siku ya Pasaka, Generoza akiimba peke yake mwanzoni. Mama yake Generoza alikuwa kipofu, na masikio nayo yalikuwa yamebakiza kidogo. Kispika cha televisheni hakukisikia kabisa. Ndaki alitaka mama yule amsikie bintiye, hata mara moja, kabla na yeye hajaondoka.

Siku ya misa ya kumbukumbu Ndaki alichomeka nyaya asubuhi nzima, kutoka kwenye deki ya video hadi kwenye sabufa, jasho likimtoka. Alipomaliza akasikia kikohozi uani. Mama mkwe alikuwa amefika kutoka Kasoli, akishikwa mkono na Felisita, mdogo wake Generoza.

Sasa, mkwe ni mkwe. Pale kwao mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake, na kwamba mama haoni hakubadilishi kitu. Ndaki akatokea mlango wa nyuma mbio kama mwizi wa kuku, akaenda kusimama nje ya dirisha, mgongo ukutani. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba hakuwa amewasha sabufa.

"Felisita! Bonyeza kitufe chekundu, halafu plei."

Felisita, ambaye kwao hakukuwa na umeme, alikitafuta kitufe chekundu. Akakiona. Akabonyeza, kisha plei.

"Tayari, shemeji. Lakini ni giza tu."

"Subirini. Kanda huanza hivyo."

Wakasubiri. Ndaki aliegemea ukuta akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu mazishi. Dakika zikapita. Lile giza likawa refu mno.

"Felisita, kuna taa inawaka?"

"Ndiyo. Nyekundu."

"Kwenye sabufa?"

"Hapana, shemeji. Kwenye hiki kilichomeza kanda."

Ndaki alikuwa amemaanisha kitufe cha kuwashia sabufa. Kile kitufe chekundu cha deki kilikuwa cha kurekodia. Robo saa nzima deki ilikuwa imerekodi giza na ukimya juu ya wimbo wa Generoza, na Ndaki mwenyewe ndiye aliyeamuru.

"Chomoa waya!" alisema. "Chomoa wa ukutani!"

Felisita akachomoa. Mle ndani mama alitikisa kichwa polepole, bado amegeuzia sikio kule kulikokuwa na spika.

"Wamemaliza?" akauliza.

Felisita alitazama dirishani. Aliona bega la shemeji yake likitetemeka, akaelewa nusu, na ile nusu ikamtosha.

"Wamemaliza, Mayu," akamjibu mama yake.

"Aliimba vizuri?"

"Aliimba vizuri."

Mama akageuza uso kutoka kwenye spika.

"Basi masikio yangu yamekufa," akasema. "Mkwe wangu amehangaika hivi, halafu mimi sisikii chochote. Mwambie nashukuru. Mwambie anisamehe."

Ndaki alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Hakuna mila iliyomkataza kusema kupitia dirishani. Dakika chache tu kabla alikuwa akipiga kelele kupitia hapo hapo. Alifungua mdomo aseme kwamba masikio ya mama hayajafa, kwamba kosa ni lake yeye Ndaki. Aibu ikamzuia. Alibaki pale, mgongo ukutani, hadi Felisita alipomshika mama mkono na kumwongoza kwenda kanisani.