Kapera wa Kilimani

Msimu ule Tarumbeta na dada yake hawakuwa wakisemezana, na mama yao ndiye aliyekuwa akipokea maneno na kuyapeleka. Walikaa meza moja, wakapakuliwa kutoka sufuria moja, na kila mmoja akamtazama mama kana kwamba upande wa pili wa meza hapakuwa na mtu.

"Mama, mwambie mwanao asogeze chumvi."

"Mama, mwambie mkono anao."

Mama akaisogeza chumvi mwenyewe. "Nilidhani nimezaa watoto wawili," alisema. "Kumbe nimezaa kazi ya posta."

Wote wawili walikuwa waongozaji wa wageni katika hifadhi ya msitu wa mvua, ule msitu unaoanzia nyuma ya nyumba za wafanyakazi na kupanda hadi mawinguni. Wageni walikuja kuona nyani, vipepeo na vinyonga, lakini zaidi walikuja kumwona hondohondo, yule ndege mkubwa mweusi mwenye mdomo kama mundu na juu ya mdomo kipembe kigumu ambacho waongozaji hukiita kofia. Na katika mambo yote ya hondohondo, lililowavutia kuliko yote ni ndoa yake. Kila mwaka jike huingia ndani ya shimo la mti, akauziba mlango kwa udongo, akabakiza ufa unaotosha ncha ya mdomo tu. Humo hutaga na kuatamia. Humo manyoya ya mabawa yake hupukutika, asiweze kuruka hata akitaka. Kuanzia siku ile hana mkono wala mguu wake mwenyewe; anaishi kwa kile anacholetewa na mume.

Jike mmoja alikuwa amejifungia katika mti mkubwa kando ya kijito. Mbele ya mti ule kulijengwa kibanda cha mbao chenye matundu ya kutazamia, na msimu wa kujifungia ukifika, mwongozaji mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kupeleka wageni pale, ili ndege wasichoshwe na nyuso nyingi. Mwaka ule Mkuu wa waongozaji alimpa dada nafasi hiyo.

Tarumbeta aliitarajia iwe yake. Mbele ya wenzake wote, ofisini, alisema, "Ile ni kazi ya kukaa. Mpeni anayejua kukaa."

"Na wewe baki na kelele zako," dada akajibu. "Ndicho unachojua."

Watu wakacheka, wengine wakimcheka huyu, wengine yule. Ugomvi ungeweza kuishia pale, kama mmoja wao angecheka pia.

Kelele zile, hata hivyo, ndizo zilizompa jina. Tarumbeta alikuwa akikunja viganja mbele ya mdomo, akakaza koo, akatoa mlio wa hondohondo dume uliokuwa mkali, mzito, wa kutetemesha majani. Hakuna mwongozaji mwingine aliyeuweza. Dume akiusikia hudhani mwenzake ameingia katika eneo lake, naye huja mbio kumfukuza. Wageni wakamwona kwa karibu, wakapiga picha, wakamsifu aliyemwita.

Lakini kuita kulikuwa na sheria, na kila mwongozaji aliijua kabla ya kuruhusiwa kuingia msituni peke yake. Majike wakishajifungia, huiti dume mwenye mke. Dume mwenye mke ana kazi, na muda wake si wako. Unaweza kumwita kapera tu, kwa sababu kapera hakuna anayemngoja. Kwa hiyo mjue ndege wako kwanza, ndipo ufungue mdomo.

Tarumbeta aliamini anamjua wake. Mume wa jike wa kijitoni alikuwa Kipengo, dume wa miaka mingi ambaye kofia yake ilivunjika ncha. Hata aliyeanza kazi jana angemtambua. Sasa kule kilimani, penye mikuyu inayozaa, alikuwako dume mwenye kofia nzima, iliyochongoka vizuri, na mara ya kwanza Tarumbeta alipoita, ndege yule alikuja upesi kama aliyetukanwa.

"Huyu ni kapera," Tarumbeta aliwaambia wageni wake. "Mtazameni. Hana mke, hana mtoto, hasira zote amewekeza kwangu."

Wageni walicheka. Mwanamke mmoja aliuliza kama ndege atamdhuru.

"Mimi? Hajui kama ni mimi. Anamtafuta dume mwenzake. Ataruka mti hadi mti, hatampata."

Na kweli ndege aliruka mti hadi mti. Alikuja na koo limevimba, akafungua mdomo kumjibu adui asiyeonekana, na makuyu yakamdondoka, moja baada ya jingine, yakagonga majani na kuanguka miguuni mwa wageni. Wakazidi kucheka. Kijana mmoja aliokota kuyu, akasema amepewa zawadi. Tarumbeta akaita tena.

Habari za Kapera zikaenea. Wageni walifika ofisini wakimwulizia kama wanavyomwulizia mwimbaji, na kila kundi likataka kupelekwa kilimani. Tarumbeta akawa anapanda asubuhi, akapanda tena mchana. Alirudi nyumbani koo limemkauka, lakini moyo umejaa.

"Mama, leo Kapera wangu amewatoa wageni machozi kwa kucheka," alisema akivua viatu, kwa sauti ya kutosha kufika jikoni.

Dada alikuwa jikoni. Alimaliza kuosha sahani yake, akaifuta, akaenda chumbani.

Huko kijitoni, dada alikuwa ameanza kuona jambo asilolipenda. Mwanzoni dume alikuja kwa zamu nzuri. Alijishika kwenye gome, akagonga kidogo, akatapika kuyu moja mdomoni na kulipitisha kwenye ufa, kisha jingine, na jingine, hadi koo likawa tupu. Baadaye akaanza kuchelewa. Kisha akaja na makuyu mawili matatu tu, anahema, anageuka nyuma kama mtu anayefuatwa. Mara nyingine alikuja mtupu kabisa. Jike alikuwa akitoa ncha ya mdomo kwenye ufa, akaiacha pale muda mrefu, na wageni wakauliza anafanya nini.

"Anamngoja mumewe," dada alijibu.

"Mume huwa anachelewa hivi?"

"Hapana," alisema. "Huyu hakuwa hivi."

Alimweleza Mkuu. Mkuu akasema huenda mikuyu haijazaa vizuri mwaka huu, wasubiri. Dada alisubiri, akakonda kwa kusubiri. Nyumbani, chakula kikawa kinabaki kwenye sahani.

"Mbona huli?" mama aliuliza.

"Ndege wangu ana shida, mama. Mume haleti chakula."

Tarumbeta alikuwa pale pale, anamenya chungwa. Neno lilimfika ulimini. Alijua kuhusu mikuyu ya kilimani kuliko mtu yeyote, alijua kwamba matawi yameinama kwa uzito wa matunda, kwamba hakuna dume anayeweza kukosa chakula mwaka ule. Angeweza kusema hilo tu, na swali la pili lingefuata lenyewe.

Mama alimgeukia. "Si umwulize dada yako ndege ana nini? Wewe si fundi wa ndege?"

"Ndege wake ni wake, mama. Aliyepewa kibanda na akilinde."

Dada aliangalia sahani. "Mama, mwambie sijamwomba kitu."

"Sipeleki," mama akasema. "Posta imefungwa."

Hakuna aliyecheka. Chungwa lilikuwa tamu, na Tarumbeta alilimaliza.

Asubuhi iliyofuata alikuwa kilimani na kundi la wageni, viganja amevikunja, kifua amekijaza hewa. Kapera alikuwa amekwisha tua kwenye tawi mbele yao, koo limevimba. Ndipo redio ya mkononi iliyoning'inia mkandani ikakoroma, na sauti ya dada ikatoka, inamwita Mkuu ofisini.

"Jike amebomoa udongo. Ameanguka. Yuko chini, hawezi kuruka."

"Dume yuko wapi?" sauti ya Mkuu iliuliza. "Kipengo hayupo hapo?"

"Kipengo hajaonekana tangu msimu uliopita, Mkuu. Nadhani alikufa. Huyu ni mume mpya. Mwenye kofia nzima."

Tarumbeta aliinua macho. Ndege alikuwa bado kwenye tawi, amegeuza shingo upande, anatega sikio, anamngoja adui wake aanze.

"Mwite basi," mgeni mmoja alimnong'oneza, kamera tayari.

Aliteremsha mikono. Alimwomba mwongozaji aliyekuwa kwenye njia ya jirani awachukue wageni wake, kisha akashuka kilima akikimbia, anakata kona, anashika mizizi, darubini inampiga kifuani.

Alipofika kijitoni alimkuta dada amepiga magoti kwenye matope. Alikuwa amemfunika jike kwa koti lake la mvua, kichwa tu kinatokeza, jicho moja liko wazi. Mabawa yalikuwa na vishina vya manyoya, mafupi, kama brashi iliyochakaa. Daktari wa wanyama alikuwa juu ya mti, amefungwa kamba kiunoni, anaingiza mkono katika shimo. Mkuu alisimama chini akimtazama.

Daktari aliteremka na kifaranga mkononi. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Alikilaza juu ya jani pana, na jani halikuinama.

"Njaa," alisema. "Huyu mama alivumilia hadi mtoto alipokwisha. Ndipo akatoka."

Tarumbeta alisema kabla hajaulizwa, kwa sababu alijua kwamba akingoja kuulizwa hatasema. "Mume yuko kilimani. Nimekuwa nikimwita mimi. Asubuhi na mchana."

Mkuu aligeuka taratibu. Dada hakugeuka.

"Ulijuaje ni kapera?" dada alimwuliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu siku ile ya ofisini.

"Kofia. Kofia yake ni nzima. Mume wa hapa ni Kipengo."

"Na koo lake?"

Tarumbeta alikitazama kifaranga juu ya jani.

"Nakuuliza koo, kaka. Alipokuja kwako, koo lilikuwaje?"

"Limejaa."

"Kapera anambebea nani chakula?"

Swali hilo ndilo lililokuja kumla baadaye kuliko mengine yote. Kofia ilikuwa kosa ambalo mtu yeyote angefanya. Lakini koo alilitazama kila siku, akawaonyesha wageni, akacheka nao makuyu yakidondoka. Kilichokuwa kikidondoka miguuni mwao kilikuwa chakula cha mtoto, na yeye alikuwa mwongozaji.

"Hukuniambia Kipengo hayupo," alisema hatimaye, na mara tu neno lilipomtoka akatamani kulirudisha.

"Hukuniuliza." Dada aliliweka sawa koti juu ya ndege. Sauti yake ikashuka. "Nilitaka kukwambia. Siku ya kwanza nilipomwona mpya, nilirudi nyumbani mbio kukwambia. Nikakukuta umekaa sebuleni umevimba. Nikasema, basi, atajua mwenyewe."

Mkuu aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kama anayetafuta mahali pa kuanzia kugomba, na asipapate. "Mbebeni," alisema tu. "Wote wawili."

Jike aliwekwa katika banda la waya nyuma ya ofisi ya daktari, angojwe hadi manyoya yaote. Daktari alisema hawezi kurudishwa mtini: hangekubali kujifungia tena, na chini ya mti chui wangemmaliza usiku wa kwanza. Mkuu akapiga marufuku kuita, kwa waongozaji wote na misimu yote. Hakumfukuza Tarumbeta. Alimwamuru akakae kibandani na dada yake, bila wageni, watazame kama dume atarudi.

Alirudi. Sasa kwa kuwa hakuna aliyemsumbua kilimani, alikuja kwa wakati, koo limejaa hadi ngozi inang'aa. Alijishika kwenye gome kando ya shimo. Udongo uliobomoka ulikuwa umeacha mlango wazi, mweusi. Aligonga kidogo. Akatapika kuyu, akalisogeza shimoni kwa ncha ya mdomo, akalishikilia pale. Akangoja. Akaliachia. Akatapika jingine.

Chini ya mti tayari kulikuwa na makuyu mengi, mapya juu ya yaliyooza, nzi wanazunguka.

Kibandani, kaka na dada walikaa bega kwa bega kwenye benchi, kwa sababu benchi lilikuwa moja.

"Amewahi leo," dada alisema.

"Atafanya hivi mpaka lini?"

"Sijui. Sijawahi kuona."

Dume aligonga tena. Tarumbeta alishindwa kutulia. "Naweza kumwondoa pale," alinong'ona. "Nikiita mara moja tu, kule ng'ambo ya kijito. Aache kujichosha."

"Ukimwita atakuja kugombana, kaka. Kwako hajui kitu kingine."

Akaibana mikono katikati ya magoti. Dada alimtazama, akavua darubini yake shingoni na kumpa, kwa kuwa ya Tarumbeta ilipasuka kioo siku ile ya kushuka kilima. Aliipokea. Ndani ya kioo ndege alikuwa karibu mno. Aliona kofia nzima, iliyochongoka. Aliona koo likipungua, kuyu kwa kuyu, hadi likabaki ngozi iliyolegea.

Dume alichungulia shimoni mara moja. Kisha akajirusha, mabawa yakavuma juu ya paa la kibanda, akaelekea kilimani kuleta mengine.