Pumzi ya Mwisho ya Kipimo

Asubuhi hiyo mpakiaji wa kinu cha unga alimwomba Mungu pumzi tu, maana ilikuwa siku ya kupimwa mapafu. Asiyefikisha mshale wa kipimo kwenye mstari mwekundu angeachishwa kazi.

Kule zahanati alipuliza mrija wa kipimo mara ya kwanza, mshale ukaishia nusu. Mara ya pili ukaishia chini zaidi, na kikohozi kikamshika.

“Baba, mbona unahema kama uliyefukuzwa?” nesi aliuliza.

“Ngazi zenu hizi, mwanangu.”

“Ngazi zenyewe tatu.”

Alicheka, na kicheko nacho kikamkata pumzi. Miaka ishirini na miwili ya vumbi la unga ilikuwa imejaa kifuani mwake. Mkewe alizoea kumtania kwamba akilala ananguruma kuliko kinu chenyewe, ingawa siku hizi alikuwa ameacha kucheka akisema hivyo.

“Imebaki mara moja,” nesi alisema. “Jikaze, baba. Ukifikisha, kesho unarudi kwenye magunia yako.”

Aliweka mrija mdomoni, akavuta pumzi. Akayaona magunia ya kesho, na ya keshokutwa, yote yakiusubiri mgongo wake. Basi akautoa mrija, akashusha pumzi pembeni, ndefu kuliko zote za asubuhi ile.

“Andika ile ya pili,” alisema taratibu.

“Una hakika?”

“Niliomba pumzi, nikapewa. Hii iliyobaki naipeleka nyumbani kwa mama watoto.”