Wageni wa Msafara Huamka Salama

Tangu Evelina akabidhiwe Hoteli ya Msafara pale Mpwapwa, hakupata kuwa na mgeni aliyeamka vibaya. Hata mmoja. Kila asubuhi husimama mlangoni mwa chumba cha kulia, kitenge amekikaza kiunoni, akamwuliza kila anayeshuka ngazi, "Umeamkaje?" Mgeni hujibu, "Salama." "Usiku ulikuwaje?" "Mzuri, tunamshukuru Mungu." Basi Evelina huridhika, akarudi jikoni kukoroga uji. Mtu kasema mwenyewe kwa kinywa chake, sasa umfanyie upelelezi wa nini?

Hoteli yenyewe ni jengo la mawe la ghorofa moja, la tangu enzi za Wajerumani, na mkweli akiitazama ataona haya kuisifu mno. Kuta zake ni nene, ndani kuna ubaridi hata jua likiwa la kuchoma nje. Lakini ngazi zinalia, darini wamo popo waliokaa pale muda mrefu kuliko mgeni yeyote, na chumba cha mwisho kina sinki la kuogea la chuma, kubwa, lenye miguu minne ya simba. Likiwa tupu halitaki kujaa, na likishajaa halitaki kutoa maji. Evelina alikwisha kuyazoea hayo yote hata akawa hayaoni. Alifika pale akiwa binti wa kufua mashuka, akazeekea pale pale, na chumba chake kiko nyuma ya jiko. Hana kingine duniani.

Ndiyo maana siku Castory alipopiga simu kutoka Dodoma, Evelina aliyasahau maharage motoni. Castory ni mtoto wa marehemu mwenye hoteli. Siku hizi ana cheo wizarani na kitambi cha kukisindikiza, lakini Evelina ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa hajui kutembea.

"Shikamoo, mama mdogo. Za huko?"

"Marahaba, baba. Nzuri."

"Mama, nafikiria kuifunga hoteli. Kuna mzee mmoja analitaka jengo alifanye ghala la saruji. Wageni wanatusema mitandaoni, aibu tupu."

"Wageni gani hao? Wangu wote huamka salama!"

"Basi Jumamosi nakuja niwasikie mwenyewe. Wakilalamika, nampa mzee jibu siku hiyo hiyo. Kwani wewe ukipumzika kuna shida gani?"

"Hakuna shida," akasema Evelina. Kisha akakata simu, akaketi juu ya gunia la mchele, akalia mpaka maharage yakaungua.

Jumamosi Castory alifika mapema, akajibanza kwenye meza ya kona kama mteja wa kawaida. Wageni walikuwa watatu. Wa kwanza kushuka alikuwa Mwalimu Loisi, mstaafu aliyekuja kwenye kipaimara cha mjukuu wake.

"Shikamoo, mwalimu. Umeamkaje?"

"Marahaba. Salama kabisa."

Akafuata Stanley, mfanyabiashara wa mpunga kutoka Bahi, mtu wa miraba minne ambaye ngazi zililia zaidi kwa ajili yake. Naye salama. Mwisho akaja Msafiri, kijana wa ofisini aliyekuja kwenye semina ya mifugo, macho mekundu, nywele zimesimama upande mmoja. "Salama, mama. Nzuri sana," akasema, akaketi kama mtu aliyeangushwa.

Evelina akamtupia Castory jicho la ushindi, akaleta chapati.

Hazikupita hata chapati mbili, simu ya Castory ikalia. Akaisoma, akakunja uso, akasimama. "Mama mdogo, sikiliza hii. Imeandikwa sasa hivi na mtu anayejiita Mpenda Haki. 'Nimelala Hoteli ya Msafara. Popo naye kalala kwangu. Sinki limeninyanyasa. Ukutani kuna kitu kinanguruma. Chapati ni nzuri. Nyota mbili.'"

Sinki liko chumba kimoja tu. Vichwa vyote vikamgeukia Msafiri, naye akaanza kuichunguza chapati yake kwa makini sana.

"Mwanangu," Evelina akasema, "si nimekuuliza sasa hivi umeamkaje?"

"Mama, ile si ilikuwa salamu? Mama mtu mzima ananisalimia, mimi nianze kumwambia habari za sinki?"

"Hapo kijana hana kosa," akasema Mwalimu Loisi. "Hata msibani watu huitikiana salama kwanza."

"Umesikia mwenyewe, mama mdogo," Castory akasema, akaitia simu mfukoni.

Evelina alijisikia mjinga, na ujinga ule ulimwuma kuliko hasira. Miaka yote ile alikuwa akila kiapo kwa majibu ya salamu! Akavuta kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya wageni, akaketi katikati yao.

"Salamu zimekwisha," akasema. "Sasa nauliza. Usiku ulikuwaje?"

Stanley akakohoa. Msafiri akatazama dirisha. Kumwambia mwenyeji wako machoni kwamba umelala vibaya, na chai yake ungali unainywa, si jambo dogo. Mwishowe Mwalimu Loisi akaweka kikombe chini.

"Godoro lina bonde," akasema. "Nikipanda upande huu, nateremka. Nikipanda ule, nateremka."

"Na popo!" akadakia Stanley. "Mimi walikuwa wawili."

"Mimi mmoja, ila alikuja mara tatu," akasema Msafiri, hataki kushindwa. "Halafu hilo sinki. Nimeoga, maji yamegoma kutoka. Nikayateka kwa kikombe cha mswaki, nikawa namwaga dirishani, usiku kucha."

"Dirishani?" Stanley akageuka na kiti chake. "Kumbe ni wewe! Nilianika shati langu pale chini. Asubuhi nimelikuta linatiririka, nikasema mvua imenyesha."

"Mvua? Mpwapwa, mwezi wa nane?" Mwalimu Loisi akacheka hadi akafuta machozi.

"Samahani, kaka. Lakini sikuwa na amani, mle ukutani kuna mnyama. Ananguruma, ananyamaza, nakaribia kulala, ananguruma tena."

Stanley akatazama uji wake. "Upande wa kulia wa kitanda?"

"Huo huo."

"Huyo ni mimi," akasema Stanley. "Hata nyumbani wamenihamishia chumba cha uani."

Hapo hata Castory alishindwa kujizuia. Viti vikasogezwa, meza tatu zikawa moja, na kila mtu akawa anatia chumvi kwenye mateso yake. Watu waliopishana kwenye ngazi bila neno sasa walikuwa wanagombea sufuria la uji.

"Ila godoro langu msilitoe," Mwalimu Loisi akasema, amepoa kidogo. "Tangu nimzike mume wangu sijapata usingizi wa moja kwa moja. Jana, mle kwenye bonde, nimeupata."

Castory akainua macho darini. "Na lile doa? Paa linavuja tangu lini?"

"Tangu masika ya mwaka aliofariki baba yako," akajibu Evelina.

"Na hukuniambia! Mimi si napiga simu kila mwisho wa mwezi?"

"Unapiga. Unasema, shikamoo, za huko?"

"Na wewe unajibu..." Castory akaishia hapo.

"Nzuri," wakasema wageni wote watatu kwa pamoja.

Castory akaketi. Kitambi na cheo vyote vilionekana kumpungua.

"Mama mdogo," akasema, "juzi nilikuuliza ukipumzika kuna shida gani. Nauliza tena."

Neno la kawaida lilikwisha kufika ulimini. Evelina akalimeza, na lilimezeka kwa taabu.

"Ipo," akasema. "Sina pa kwenda, Castory. Kwa mdogo wangu nyumba imejaa, na wanangu ndio ninyi mliolelewa hapa. Kule nyuma ya jiko ndiko kwangu. Ukileta saruji, mimi utaniweka wapi? Naogopa. Nimeogopa tangu uliponipigia."

Castory alijifuta uso kwa kiganja, akainuka, akatoka barazani na simu sikioni. Mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo wote walimsikia.

"Shikamoo, mzee. Mimi Castory, niko Mpwapwa. Za asubuhi? Kwangu nzuri, nzuri kabisa, tunamshukuru Mungu."

Evelina akafumba macho.

"Ila ghala, mzee wangu, tafuta kwingine. Hapa pana mtu anaishi."